Taranto 1940: mita kumi za maji

Katika picha za angani za bandari ya Kiitalia ya Taranto, zilizopigwa na ndege za Martin Maryland kutoka Malta katika majuma ya mwisho kabla ya shambulio la Novemba 1940, kuna vidoti vyeupe juu ya maji. Mtu asiyezoea kazi hii angesema ni vumbi la lenzi. Luteni David Pollock, ofisa wa upelelezi kwenye meli ya kubeba ndege HMS Illustrious, alivikazia macho katika makao ya jeshi la anga la Uingereza mjini Cairo akagundua kwamba vimejipanga, na vumbi halijipangi. Yalikuwa maputo ya kuzuia ndege, kila moja limefungwa kwa waya wa chuma unaoweza kukata bawa. Picha zilikuwa mali ya jeshi la anga na hakuruhusiwa kuondoka nazo. Aliondoka nazo hivyo hivyo, akazifikisha Alexandria, zikanakiliwa, akazirudisha kabla wenyewe hawajazikosa.

Shambulio la Waingereza lilikuja usiku wa kuamkia 12 Novemba 1940. Ndege 21 zenye mabawa mawili yaliyopandana, zikaruka kutoka meli moja, na kufikia asubuhi manowari 3 kati ya 6 kubwa za Italia zilikuwa zimekaa kwenye mchanga. Tangu hapo Taranto husimuliwa kama kisa cha adui aliyekutwa usingizini, na hapo ndipo wasimulizi wengi wanapokosea. Meli ya Kiingereza Pegasus ilipokutwa na Königsberg ya Wajerumani pale Unguja, alfajiri ya 20 Septemba 1914, ilikuwa kwenye nanga ikitengeneza mitambo, haiwezi kwenda popote. Huko ndiko kukutwa usingizini. Taranto ilikuwa macho. King'ora kilikuwa kimeshalia, wapiga mizinga wako kwenye mizinga yao, na mizinga ilishaanza kufyatuliwa kabla ya bomu la kwanza kuanguka. Saa ya kuja adui haikuwashtua Waitalia sana. Walichokosea hesabu ni kina cha maji.

Bandari yenyewe

Ukiweka ramani mbele yako utaona Taranto imekaa upande wa ndani wa kisigino cha Italia. Ina maji mawili. Mar Grande ni ghuba ya nje, pana, iliyozibwa na kuta za kuvunja mawimbi pamoja na visiwa vidogo vya San Pietro na San Paolo. Mar Piccolo ni ya ndani, unaingia kwa mfereji mwembamba unaokata mji katikati, na daraja lake huzungushwa kando ili meli zipite. Manowari kubwa zilitia nanga Mar Grande, upande wa mashariki. Kruza na destroya nyingi, meli za kivita ndogo kuliko hizo, zilikuwa Mar Piccolo, zimefungwa tezi kwa gati, ubavu kwa ubavu.

Manowari hizo zilikuwa Littorio na Vittorio Veneto, mpya kabisa, kila moja na mizinga 9 ya milimita 381, pamoja na nne za zamani zilizojengwa upya: Conte di Cavour, Giulio Cesare, Caio Duilio na Andrea Doria. Hazikuhitaji kutoka ili kumsumbua Mwingereza. Zikikaa tu Taranto, Admirali Andrew Cunningham, mkuu wa meli za kivita za Uingereza zilizokuwa Alexandria, alilazimika kuupa kila msafara wa meli za mizigo kwenda Malta au Ugiriki ulinzi wa kukabili manowari sita, hata siku ambazo hakuna hata moja iliyong'oa nanga. Mpango wa kuzipiga humo humo bandarini haukuwa mpya. Lumley Lyster aliuandaa mwaka 1938, alipokuwa nahodha wa meli ya kubeba ndege Glorious na Ulaya ikinukia vita. Miaka miwili baadaye alirudi Mediterania akiwa admirali, bendera yake ikipepea Illustrious, na mpango wake ukatolewa kabatini.

Ulinzi wa bandari, ukiuhesabu kwa mizinga tu, ulitisha. Kulikuwa na vikosi 21 vya mizinga mikubwa ya kutungulia ndege, vingine vikiwa juu ya matishari yanayoelea, na chini yake mizinga midogo ya kasi na bunduki za rashasha kwa makumi. Rada haikuwapo. Badala yake kulikuwa na vituo 13 vya kusikiliza, vyenye mabomba makubwa ya kunasa mngurumo wa injini kutoka mbali, na vilifanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Udhaifu ulikuwa kwenye maputo na nyavu. Maputo yalikuwa karibu 90, lakini dhoruba ya siku za mwanzo wa Novemba iling'oa mengi, na gesi ya haidrojeni ya kujaza mengine haikutosha. Usiku wa shambulio yalibaki 27. Nyavu za chuma za kukinga meli dhidi ya topido, yaani kombora linalosafiri ndani ya maji, zilihitajika mita 12,800. Zilizokuwa majini ni mita 4,200. Nyingine 2,900 zilikuwa zimelundikwa nchi kavu, zikisubiri kushushwa. Usiharakishe kusema ni uzembe. Wavu wa aina hii ni mzigo: una maboya, nanga zake na minyororo, na meli iliyozungukwa nao haitoki mpaka ufunguliwe na kuvutwa kando kwa mashua. Kamanda anayetarajia kuamriwa kutoka wakati wowote hapendi kufungiwa ndani. Huo ni uamuzi wenye mantiki yake, na ni uamuzi huo huo uliokuja kufanyika mahali pengine mwaka uliofuata.

Jambo kubwa zaidi ni urefu wa wavu kwenda chini. Zile zilizokuwapo zilining'inia kufikia mita 10 hivi, kiasi cha kufunika ubavu wa meli mpaka karibu na mkuku. Chini ya hapo, mpaka kwenye tope, maji yalikuwa wazi.

Topido linavyozama

Topido la ndege la Uingereza la wakati huo, Mark XII, lilikuwa gogo la chuma lenye kipenyo cha sentimita 45, uzito wa kilo 700 hivi, na kichwani kilo 176 za baruti. Ndani lina injini yake, nyuma lina mafeni na usukani. Kina linachokwenda hurekebishwa kabla ya safari. Mtambo wa ndani hupima msukumo wa maji na kugeuza usukani wa juu na chini mpaka topido litulie kwenye kina kilichopangwa.

Tatizo ni sekunde za kwanza. Likiachiwa kutoka hewani, topido huingia majini kwa kichwa, na kabla mtambo haujaliwahi huwa limeshuka hata mita 30. Baharini hilo halina neno, litapanda lenyewe. Lakini Mar Grande, pale manowari zilipotia nanga, maji hayakuzidi sana mita 15, yaani pima nane tu. Topido lililoachiwa kikawaida lingejizika kwenye tope na kubaki huko. Ndiyo maana wakubwa wengi wa majeshi ya majini duniani waliamini kwamba bandari yenye kina kifupi inajilinda yenyewe.

Waingereza walilitatua kwa waya. Chini ya pua ya ndege kulifungwa kigurudumu chenye waya mwembamba, na ncha ya waya ikafungwa kwenye pua ya topido. Topido linapoachiwa, mkia unaanza kushuka lakini pua inazuiliwa na waya unaofunguka kwa ukinzani, kwa hiyo linaanguka likiwa limelala, linapiga maji kwa tumbo badala ya kichwa, na halizami sana. Baada ya hapo waya unaachia.

Njia hii ina masharti, na hapa ndipo mambo huharibika. Ndege lazima iwe imenyooka kabisa. Ikiwa imeinamisha bawa hata kidogo, waya unavuta upande na topido linaingia likiwa limepinda. Ndege iwe chini, na mwendo uwe mdogo. Kisha kuna suala la umbali. Fyuzi, kifaa kinachowasha mlipuko, haitakiwi kuwa hai wakati topido liko chini ya tumbo la ndege au kwenye sitaha iliyojaa petroli, kwa hiyo mbele kuna kifeni kidogo kinachozungushwa na maji, na fyuzi huwa tayari baada ya topido kusafiri mita 270 hivi. Ukiachia karibu mno, litagonga chuma na kunyamaza. Ukiachia mbali mno gizani, unakosa. Kwa mwendo waliopanga, kilomita 50 kwa saa, topido lililoachiwa mita 700 kutoka kwenye shabaha huchukua sekunde 50 kufika. Ahueni ni kwamba shabaha imetia nanga.

Kilichobaki ni wavu. Topido lilipangwa kwenda kwenye kina cha mita 10, yaani chini tu ya ukingo wa wavu, na vilevile chini tu ya mkuku wa meli kama Littorio. Litapita bila kugusa chochote, basi. Hapo ndipo fyuzi ya aina mbili ilipohitajika, inayolipuka kwa kugonga au kwa sumaku. Chuma cha meli hubadilisha nguvu ya sumaku ya mahali pale, sindano ndani ya kichwa cha topido inahisi badiliko hilo, na mlipuko unatokea chini ya meli. Chini ndiko meli isikokuwa na kinga. Manowari za Italia zilikuwa na mfumo wa mhandisi Umberto Pugliese, mapipa marefu matupu yaliyowekwa ndani ya vyumba vya mafuta na maji pembeni mwa meli ili yabonyee na kumeza nguvu ya mlipuko. Kwa pigo la ubavuni ni wazo la kijanja. Kwa pigo la chini ya mkuku halikusaidia sana.

Fyuzi hiyo haikuwa ya kutegemewa sana. Ilikuwa na tabia ya kulipuka mapema, na usiku ule baadhi zililipuka bila meli yoyote kupata hata mkwaruzo.

Ndege, na tangi mahali pa mtu

Fairey Swordfish, ndege iliyotumika Taranto, ukiitazama pichani utashangaa kwamba ni ya mwaka 1940. Mabawa mawili ya kitambaa yamefungwa kwa nyaya na vijiti, viti viko wazi, magurudumu hayakunjwi. Ikibeba topido mwendo wake haukuwa mkubwa kuliko wa gari zuri kwenye barabara nzuri. Watu humcheka mtu aliyeipeleka vitani. Kwa kazi hii, hata hivyo, ndege ya kasi ingekuwa hasara: waya ule ulihitaji mwendo mdogo, na usiku juu ya sitaha fupi unataka ndege inayotua polepole na kumsamehe rubani. Kitambaa nacho kina faida yake. Risasi nyingi hupita upande mmoja na kutokea mwingine.

Shida ilikuwa mafuta. Safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kukusanyika angani, ilizidi uwezo wa tangi la kawaida. Ndege za mabomu zingeweza kufungiwa tangi la ziada chini ya tumbo. Zile za topido hazikuwa na nafasi, tumbo limeshachukuliwa. Kwa hiyo tangi la lita 270 hivi liliwekwa ndani, kwenye kiti cha katikati cha mwongoza njia, naye akasukumwa nyuma kwenye nafasi ya mpiga bunduki. Mpiga bunduki akabaki melini. Ndege za watu watatu zikaruka na watu wawili wawili, mmoja wao amekumbatiana na pipa la petroli lisilo na kinga yoyote.

Pipa hilo lilishawaunguza kabla ya safari. Mpango wa kwanza ulikuwa 21 Oktoba, kumbukumbu ya vita vya Trafalgar, kwa meli mbili na ndege 30. Mafundi wakiwa wanafunga matangi ndani ya banda la Illustrious, cheche ya umeme ilikutana na petroli iliyokuwa inadondoka. Ndege mbili ziliteketea, na nyingine kadhaa zikalowana maji ya chumvi ya kuzimia moto, ambayo kwa injini ni kama sumu. Ilibidi zifunguliwe na kuoshwa kwa maji baridi. Safari ikaahirishwa hadi Novemba, mwezi utakapong'aa tena. Halafu meli ya pili, Eagle, ikabaki Alexandria kwa sababu mabomba yake ya mafuta yalikuwa yamelegezwa na mabomu yaliyoikosa kidogo miezi ya nyuma. Ndege zake 5 zikahamia Illustrious. Siku mbili za mwisho Swordfish 3 zikaanguka baharini moja baada ya nyingine, injini zimezima zenyewe. Chanzo kilikuwa mafuta machafu. Matangi yakakaguliwa, zikabaki ndege 21.

Nadhani hizi ndizo kurasa zinazopaswa kurefushwa katika kila historia ya Taranto, na ndizo hufupishwa. Ndege 30 zilikuwa 21 kabla adui hajafyatua hata risasi moja.

Usiku

Jioni ya 11 Novemba Illustrious ilifika karibu na kisiwa cha Kefalonia, Ugiriki, kama kilomita 315 kutoka Taranto. Misafara kadhaa ya meli ilikuwa baharini siku hizo makusudi, na ndege za Fulmar kutoka Illustrious ziliwaangusha au kuwafukuza wapelelezi wa Kiitalia kwa siku kadhaa, hivyo Taranto haikujua meli ya kubeba ndege iko wapi. Saa 2:35 usiku ndege ya kwanza ikaondoka. Kundi la kwanza lilikuwa la ndege 12 chini ya Luteni Kamanda Kenneth Williamson: 6 zilibeba topido, 4 mabomu, na 2 mienge ya kushushwa kwa miamvuli pamoja na mabomu.

Njiani waliingia mawinguni wakapotezana. Ndege moja ya topido ilifika peke yake mapema, na kwa kuwa haikuwa na la kufanya bila wenzake, ikazunguka juu ya bahari ikisubiri. Vituo vya kusikiliza viliinasa, mizinga ikaanza. Kwa hiyo kundi lilipokaribia, lilielekezwa na Waitalia wenyewe. Anga ya Taranto ilikuwa inawaka kutoka mbali.

Karibu saa 4:58 usiku ndege za mienge zilipita upande wa mashariki wa ghuba na kuangusha mienge ya magnesiamu, mmoja mmoja, mstari mzima. Kazi yake haikuwa kumulika meli kutoka juu. Ilikuwa kuweka mwanga nyuma ya meli, ili rubani anayekuja chini kutoka magharibi aone umbo jeusi lililochorwa dhidi ya mwanga. Mwezi nao ulikuwa umebakiza siku chache kujaa. Wakati huo huo wapiga mabomu walikwenda Mar Piccolo, hasa ili kuvuta macho na mizinga.

Marubani wa topido walipunguza nguvu ya injini na kuteremka kutoka zaidi ya mita 1,000 mpaka juu ya maji, wengine mita 10 tu. Hapo ndipo mizinga mingi yote ile ilipopoteza maana. Ndege ikiwa chini kuliko sitaha ya manowari, mpiga mzinga anayeifuata kwa mtutu anaishia kuelekeza risasi kwenye meli ya mwenzake au kwenye nyumba za mji. Mizinga ya nchi kavu pekee ilifyatua risasi 13,489 usiku ule, na meli zikaongeza maelfu yake. Ndege zilizoangushwa ni 2. Taa za kurunzi, ambazo kwa maoni yangu zingeharibu shambulio lote kwa kuwapofusha marubani mita chache juu ya maji, kwa sehemu kubwa hazikuwashwa.

Williamson alipita katikati ya maputo, akaachia topido lake, na saa 5:14 usiku likalipuka chini ya Conte di Cavour, upande wa omo. Dakika hiyo hiyo ndege yake iliangushwa. Yeye na mwongoza njia wake, Norman Scarlett, waliogelea wakakamatwa. Littorio ilipigwa na mawili, moja kila ubavu. Mengine ya kundi hilo yalilipuka pembeni au kukosa.

Kundi la pili, chini ya Luteni Kamanda John Hale, lilipaswa kuwa na ndege 9. Moja tangi lake la nje lilifunguka na kuanguka, injini ikazima kwa muda, ikarudi. Nyingine iligongana na mwenzake sitahani, bawa likachanika. Mafundi wakalishona na kulibandika, ikaondoka karibu nusu saa nyuma ya wengine, na ilifika peke yake. Hawa waliipiga Littorio topido la tatu na Duilio moja. Ndege ya Gerald Bayly na Henry Slaughter iliangushwa, wote wawili wakafa. Wa mwisho walitua Illustrious karibu saa 9 usiku. Topido 11 ziliachiwa, 5 zikapata shabaha. Kwa kazi ya gizani hesabu hiyo ni nzuri kupita kiasi.

Mabomu, kwa upande mwingine, yalikuwa aibu. Lililompata kruza Trento halikulipuka, na lililompata destroya Libeccio halikulipuka.

Picha za asubuhi

Picha zilizopigwa kesho yake kutoka angani ndizo zilizozunguka dunia, na zinahitaji kusomwa taratibu. Littorio imeinamisha omo hadi maji yamefunika sitaha ya mbele, huku mafuta yakitanda kuizunguka. Meli haijazama kwa kweli. Imekalishwa makusudi mahali pafupi. Manahodha walifanya hivyo kwa haraka kwa sababu meli iliyokaa kwenye mchanga mita chache chini ni kazi ya mafundi, na iliyozama kwenye maji marefu ni kazi ya miaka. Kina kifupi kile kile kilichodhaniwa kuwa kinga dhidi ya topido ndicho kilichoziokoa meli baada ya topido.

Cavour inaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Amri ya kuipeleka ufukoni ilichelewa saa kadhaa huku wakijadiliana kama itahimili, na alfajiri ikakaa mahali penye kina kirefu zaidi. Pichani unaona mnara wake na mizinga tu juu ya maji. Iliinuliwa mwaka 1941, ikavutwa hadi Trieste, na haikurudi vitani hata siku moja. Duilio ilirudi Mei 1941. Littorio, iliyopigwa mara tatu, ilikuwa tayari Machi. Wapiga mbizi waliotumwa kuikagua walikuta topido la nne kwenye tope chini yake, zima, halikulipuka. Ilibidi liondolewe kwanza, kwa uangalifu unaoweza kuufikiria, kabla ya kazi nyingine yoyote. Mabaharia wa Kiitalia waliokufa walikuwa karibu 60, idadi ndogo kwa meli zilizojeruhiwa kiasi hicho, na sababu ni ule ule ukaribu wa nchi kavu.

Manowari zilizobaki zilihamia Naples kesho yake. Husemwa kwamba jeshi la majini la Italia lilikwisha siku ile. Silikubali: tarehe 27 Novemba Vittorio Veneto na Giulio Cesare zilikuwa baharini zikipambana na Waingereza karibu na Sardinia. Kilichobadilika ni umbali, na nafasi ya Cunningham kupumua kwa miezi michache. Illustrious yenyewe ilipigwa vibaya na mabomu ya Wajerumani tarehe 10 Januari 1941.

Walioisoma, na waliosoma nusu

Luteni Kamanda Takeshi Naito, msaidizi wa mwambata wa jeshi la majini wa Japani mjini Berlin, alifika Taranto kuangalia. Kutoka hapo wengi hupiga mstari ulionyooka hadi Pearl Harbor, kambi ya majini ya Wamarekani huko Hawaii. Mstari huo umenyooshwa mno. Wajapani walikuwa na fikra zao juu ya topido za ndege kabla ya hapo, na tatizo la kina walilitatua kwa njia yao: badala ya waya, mapezi ya mbao kwenye mkia wa topido, yanayolituliza hewani na kuvunjika linapogonga maji, pamoja na mazoezi mengi ya kuruka chini sana kwenye ghuba ya Kagoshima. Pearl Harbor ina kina cha mita 12 hivi. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege 40 zilibeba topido za aina hiyo.

Wamarekani nao waliisoma Taranto. Barua ya Februari 1941 kutoka Washington kwa Admirali Husband Kimmel, mkuu wa meli za Kimarekani pale Pearl Harbor, ilieleza kwamba topido la ndege linahitaji angalau futi 75 za maji, karibu mita 23. Nyavu zikaonekana si za lazima, na tena zingebana njia katika bandari nyembamba. Mwezi Juni ikaja barua nyingine ikitahadharisha kwamba kina peke yake si kinga ya kutegemewa. Nyavu hazikuwekwa.

Swordfish za Illustrious, baada ya meli kutengenezwa, zilikuja upande wetu wa dunia. Aprili 1942 Wajapani walipozipiga Colombo na Trincomalee, sehemu kubwa ya kikosi cha Kiingereza cha Bahari ya Hindi ilirudi nyuma hadi Kilindini, na wavunja fumbo wao wakawekwa katika shule ya Allidina Visram pale Mombasa. Tarehe 5 Mei Waingereza wakaishambulia kwa kushtukiza Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, kambi ya majini ya Wafaransa wa serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani, ili Wajapani wasiitangulie. Alfajiri hiyo Swordfish ziliizamisha meli ya Kifaransa Bougainville kwa topido, na nyambizi Bévéziers ikafuata.

Wiki chache baadaye mwenye bandari alikuwa Mwingereza. Usiku ndege ndogo isiyojulikana ilipita juu ya Diego Suarez. Manowari Ramillies ikahamishwa mahali pengine kwa tahadhari, ila mlango wa ghuba haukufungwa kwa wavu. Tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani za watu wawili, zilizoletwa zimebebwa na nyambizi kubwa, ziliachiwa nje, na topido zao zikaitoboa Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Ramillies ilizibwa kwa muda mpaka ikaweza kwenda Durban kutengenezwa.

British Loyalty iliinuliwa, ikapelekwa visiwa vya Addu huko Maldivi kuwa ghala la mafuta linaloelea. Addu ilikuwa na nyavu. Machi 1944 nyambizi ya Kijerumani U-183 ilisimama nje ya miamba na kufyatua topido lililopita kwenye pengo la wavu, likaipata British Loyalty kwa mara ya pili.